Kusawazisha Uwezo wa Magari katika Mbio za Masafa Marefu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu kanuni ambayo kila mfuatiliaji wa mbio za magari za masafa marefu hukutana nayo mapema, na ambayo wengi huendelea kuibishania hata baada ya miaka mingi ya kutazama. Mifano mingi inatoka katika Mbio za Saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa na katika Ubingwa wa Dunia wa Mbio za Masafa Marefu, unaojulikana kwa kifupi kama WEC, kwa kuwa huko ndiko malalamiko ya kuonewa na kubebwa yamekuwa makali kuliko kwingine.

Kusawazisha uwezo wa magari maana yake ni nini?

Ni utaratibu ambao wasimamizi wa mashindano hutumia kuipa kila aina ya gari masharti yake yenyewe, hasa uzito na nguvu za injini, ili magari yaliyoundwa kwa njia tofauti kabisa yaweze kumaliza mzunguko kwa muda unaokaribiana. Katika nyaraka za wasimamizi utaratibu huo huandikwa BoP, na herufi hizo ndizo tutakazotumia hapa.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba masharti hayo hupewa aina ya gari, wala si timu. Timu mbili zinazoendesha Porsche 963, moja ya kiwanda na nyingine ya mteja aliyenunua gari hilo, hupata karatasi ileile. Mafundi wakichelewa kubadilisha tairi, au dereva akichomoka barabarani na kukwama kwenye kokoto, hakuna kilo itakayopunguzwa kwa ajili ya kuwafuta machozi.

Wanaokwenda kutazama mbio za farasi pale Ngong, Nairobi, wanaifahamu hesabu ya namna hii, kwa sababu katika mbio za handikapu farasi aliyekwisha kuonyesha uwezo mkubwa hubebeshwa uzito zaidi. Tofauti ni kwamba mwenye farasi huingia akijua kuwa handikapu ndiyo mchezo wenyewe, ilhali kampuni ya magari hutumia mamilioni ya yuro kutafuta kasi, kisha ikaletewa karatasi inayoiamuru ibebe uzito wa ziada. Kinyongo huanzia hapo.

Kwa nini wasiliache gari bora lishinde?

Kwa sababu walikwisha kujaribu, na watengenezaji wakaondoka. Audi iliacha daraja la juu la WEC mwishoni mwa mwaka 2016, Porsche ikafuata mwishoni mwa mwaka 2017, na katika Le Mans za 2018, 2019 na 2020 Toyota ilibaki kampuni kubwa pekee yenye gari la haibridi katika daraja hilo. Ilishinda zote tatu. Wapinzani wake walikuwa timu binafsi zenye bajeti ndogo, na hata pale wasimamizi walipojaribu kuwapunguzia pengo, ni nadra Toyota kushindwa kwa mwendo. Rebellion iliweza huko Shanghai mwaka 2019, wakati Toyota ilipokuwa imebebeshwa adhabu ya ushindi wake wa awali.

Mwaka 2021 likaanzishwa daraja la Hypercar, ambalo BoP imo ndani ya msingi wake. Mwaka 2024 watengenezaji tisa walileta magari 23 ya daraja hilo Le Mans. Hoja iliyowavuta ni ya kifedha: kampuni ikijua kwamba faida ya nusu sekunde itazibwa kwa kilo kadhaa, haina sababu ya kumwaga fedha kuitafuta, na mkurugenzi wa fedha anaweza kuidhinisha bajeti bila kuogopa kwamba mwakani itabidi iongezwe maradufu. Wakosoaji wengi wa BoP huiruka hoja hii, ingawa ndiyo nzito kuliko zote.

Mzizi wa utaratibu wenyewe, kwa sura tunayoijua leo, uko katika magari ya GT3, daraja lililoanzishwa mwaka 2006 kwa juhudi za mwandaaji Stéphane Ratel. Huko haikuwezekana kufanya vinginevyo. Porsche 911 ina injini ya silinda 6 iliyowekwa nyuma kabisa, Mercedes-AMG ina V8 kubwa mbele ya dereva, Ferrari 296 ina V6 yenye turbo nyuma ya kiti. Magari haya yalizaliwa kuuzwa madukani, kila moja na tabia zake, na bila kusawazishwa moja lingeshinda kila wiki hadi wanunuzi wa mengine wakate tamaa. Leo GT3 inashindaniwa karibu kila bara, na imewahi kufika hadi Kyalami, Afrika Kusini, kwa mbio za saa 9.

Ni vitu gani hasa vinavyobadilishwa?

Katika Hypercar vitu vikuu ni uzito, nguvu, na kiasi cha nishati ambacho gari linaruhusiwa kutumia kabla ya kuingia tena piti, yaani sehemu ya kujaza mafuta na kubadilisha tairi. Uzito wa chini kabisa kwa mujibu wa kanuni ni kilo 1,030, na nguvu huzunguka kilowati 500. Kuanzia mwaka 2024 nguvu hupangwa kwa ngazi mbili, moja ya mwendo wa chini na nyingine ya mwendo mkubwa, ili gari lenye kasi kwenye kona lakini la polepole kwenye mstari ulionyooka lisaidiwe pale tu linapoumia. Magari yenye mota ya umeme kwenye magurudumu ya mbele, kama Toyota na Ferrari, hayaruhusiwi kuiwasha hadi yafike mwendo uliowekwa. Mwaka 2023 ulikuwa kilomita 190 kwa saa kwenye barabara kavu, maana mvuto wa magurudumu manne wakati wa kutoka kona ni faida kubwa mno.

Umbo la gari haliguswi ovyo. Kila Hypercar hupimwa kwanza katika handaki la upepo, na lazima mkandamizo wa hewa pamoja na ukinzani wake viangukie ndani ya mipaka iliyowekwa. Baada ya hapo umbo hufungwa kwa miaka, na mtengenezaji hubakiwa na nafasi chache za kulirekebisha. Peugeot, kwa mfano, ilianza mwaka 2022 na gari lisilo na bawa la nyuma, ikahangaika nalo, kisha mwaka 2024 ikaja na toleo lenye bawa.

Kilo na kilowati hazifanyi kazi sawa kila mahali. Uzito huuma kwenye kona, kwenye breki na kwenye tairi, tena maumivu yake hukua kadiri tairi zinavyochakaa. Nguvu iliyopunguzwa huuma zaidi kwenye mistari mirefu. Mzunguko wa Le Mans una kilomita 13.626, na sehemu kubwa yake ni mwendo wa kanyagio hadi chini, kwa hiyo karatasi iliyoyalinganisha magari vizuri kule Imola inaweza kuwa kichekesho ikipelekwa Le Mans. Ndiyo maana mbio hizo hupangiwa BoP yake pekee.

Nani hupanga, na kwa takwimu zipi?

Katika WEC ni shirikisho la dunia la michezo ya magari, FIA, kwa kushirikiana na ACO, chama cha Ufaransa kinachoandaa Le Mans. Marekani kazi hiyo hufanywa na IMSA, na mashindano mengi ya GT3 husimamiwa na SRO. Magari ya WEC hubeba sensa kwenye mihimili inayozungusha magurudumu, ambazo hupima nguvu inayofika huko kweli, wala si ile iliyoandikwa na mtengenezaji. Takwimu hizo huunganishwa na nyakati za mizunguko, mwendo wa juu, uchakavu wa tairi na vipimo vya handaki la upepo.

Upimaji wenyewe, kwa maoni yangu, ni mzuri kuliko sifa zake. Kinachotia shaka ni hatua inayofuata, pale binadamu anapoamua ni sehemu gani ya tofauti inatokana na gari na ni ipi inatokana na dereva, hali ya hewa au ujanja wa timu.

Je, ni kweli kwamba Toyota ilionewa Le Mans 2023?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Mwaka ule ulikuwa wa miaka 100 tangu Le Mans ya kwanza ya 1923. Ferrari ilikuwa imerudi daraja la juu baada ya nusu karne, pamoja na Porsche na Cadillac. Toyota ilishinda mbio zote tatu za mwanzo wa msimu: Sebring, Portimão na Spa. Makubaliano yaliyotangazwa kabla ya msimu yalisema kwamba masharti ya mtengenezaji mmojammoja yasingebadilishwa hadi Le Mans ipite; kilichoachwa wazi kilikuwa uwezekano wa kurekebisha uwiano kati ya makundi mawili makuu ya magari, yaliyojengwa kwa kanuni mbili tofauti. Kisha, siku chache tu kabla ya mbio za Juni, karatasi mpya ikatolewa: Toyota iliongezewa kilo 37, Ferrari 24, Cadillac 11 na Porsche 3. Toyota ikafika kilo 1,080 na Ferrari kilo 1,064. Wasimamizi walieleza kwamba tofauti kati ya baadhi ya magari ilikuwa kubwa kuliko walivyotarajia.

Ferrari nambari 51 ikashinda, ushindi wake wa kwanza wa jumla pale tangu 1965, ikiiacha Toyota nambari 8 kwa dakika 1 na sekunde 21.793 baada ya mizunguko 342. Akio Toyoda, mwenyekiti wa Toyota, hakuficha kutoridhika kwake.

Tukiigawa tofauti ile kwa idadi ya mizunguko, tunapata takriban robo ya sekunde kwa kila mzunguko wa zaidi ya dakika tatu. Kilo 37 zinaweza kabisa kugharimu kiasi hicho, na zaidi. Lakini hesabu haiishii hapo. Ferrari nayo iliongezewa kilo 24, kwa hiyo kilichobadilika kati ya magari hayo mawili ni kilo 13. Ryo Hirakawa, akiifukuza Ferrari katika saa za mwisho, alifunga magurudumu akielekea kona ya Arnage, akagonga ukuta na kulazimika kuingia piti kutengenezewa gari. Ferrari nayo ilikuwa na tatizo la kugoma kuwaka ilipotoka piti, na ikapoteza muda kwa sababu hiyo. Toyota nyingine, nambari 7, ilitoka usiku baada ya kugongwa. Ukiyaweka yote haya mezani, huwezi kusema kwa uhakika kwamba karatasi ile ndiyo iliyoamua mshindi, na mtu anayesema hivyo bila kumtaja Hirakawa anachagua ushahidi.

Hata hivyo, wale waliolalamika walikuwa na haki kwa sababu nyingine kabisa. Kanuni iliyotangazwa haikuheshimiwa. Timu huamua mapema kiasi cha kasi ya kuonyesha katika mbio za mwanzo, namna ya kupanga gari, na hata tairi za kufanyia majaribio, kwa kutegemea kalenda ya mabadiliko iliyoahidiwa. Kubadilisha masharti wakati magari yanakaribia kupakiwa kwenye malori ni sawa na kumwadhibu aliyeiamini karatasi yako. Kama wangeandika tangu Januari kwamba mabadiliko yanaweza kufanywa wakati wowote, kilo zilezile 37 zisingekuwa na uchungu uleule.

Toyota, tuongeze, ilishinda mbio nyingine zote za msimu ule na kuchukua ubingwa wa dunia.

Je, timu huficha kasi makusudi ili zipewe masharti mepesi?

Ndiyo, kwa kadiri zinavyoweza. Kila utaratibu unaomwongezea mzigo mwenye kasi humfundisha mwenye kasi kuficha makali. Dereva anaweza kuinua mguu kwenye kona moja tu katika kila mzunguko, gari likaonekana la kawaida, na mtazamaji wa televisheni asijue.

Mwaka 2016, baada ya Saa 24 za Daytona nchini Marekani, IMSA iliiadhibu Lamborghini katika daraja la GTD, kwa kuwa magari yake yalionyesha katika mbio uwezo usiolingana na ule uliotegemewa wakati wa kupanga BoP. Mwaka huohuo, Le Mans, gari jipya la Ford GT lilijitokeza katika mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia likiwa mbele ya wote katika daraja la GTE-Pro, huku Ferrari ikiwa karibu na wengine wakiachwa kwa sekunde kadhaa. Wasimamizi waliwabana Ford na Ferrari baada ya mchujo, kabla ya mbio kuanza, na kuwalegezea wengine. Ford ilishinda hata hivyo, miaka 50 kamili baada ya ushindi wake wa 1966, na Ferrari ikawa ya pili. Mtu akikuuliza kwa nini watazamaji wazoefu hawaamini nyakati za mazoezi, mfano huo unatosha.

Sensa za nguvu zimepunguza mwanya, maana sasa msimamizi anaona pale dereva alipokuwa na nguvu ambayo hakuitumia. Hazijauziba, kwa sababu hakuna sensa inayopima nia.

BoP ina tofauti gani na uzito wa ushindi?

Uzito wa ushindi hupewa gari mahususi kwa sababu ya matokeo yake. Katika Super GT ya Japani, gari hubeba takriban kilo 2 kwa kila pointi iliyopata, na katika mbio ya mwisho ya msimu mzigo huo huondolewa. Lengo lake ni kuchangamsha ubingwa, na hakuna anayedai kwamba uzito huo unapima ubora wa muundo. BoP inadai hivyo.

Kwa nini madereva hawaisemi hadharani?

Kwa sababu wamekatazwa. Kanuni za WEC zinawazuia watengenezaji, timu na madereva kujaribu kuathiri upangaji wa BoP au kutoa maoni kuhusu matokeo yake, ikiwemo katika vyombo vya habari na mitandao ya kijamii. Nia ilikuwa kuzima kampeni za malalamiko, ambazo kusema kweli zilikuwa zimegeuka kuwa sehemu ya mashindano: kampuni inayolia kwa sauti kubwa ndiyo inayosikilizwa.

Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba dereva akiulizwa kwa nini amepitwa na magari manne kwenye mstari mmoja, hutabasamu na kusema kwamba walifanya walichoweza na gari walilokuwa nalo. Mtazamaji anaachwa kubuni sababu, na sababu zinazobuniwa gizani huwa mbaya kuliko ukweli. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote za utaratibu huu. Kilo zinaweza kukosewa na kusahihishwa mbio inayofuata. Uamuzi usioruhusiwa kuhojiwa na wanaoujua vizuri hausahihishwi kirahisi.

Ferrari ilishinda Le Mans 2023, 2024 na 2025. Huo si ushahidi kwamba inabebwa?

Peke yake, hapana. Toyota ilishinda mara tano mfululizo kabla yake, mbili za mwisho zikiwa chini ya kanuni za Hypercar. Mwaka 2024 Ferrari ilishinda kwa sekunde 14 tu mbele ya Toyota, katika mbio zenye mvua na gari la usalama, linaloongoza magari yote kwa mwendo mdogo, kwa saa nyingi. Mwaka 2025 Porsche nambari 6 ilianza mwisho wa daraja lake, kwa kuwa muda wake wa mchujo ulifutwa baada ya gari kukutwa na uzito pungufu, na bado ilimaliza ya pili, sekunde 14 nyuma ya Ferrari ya timu binafsi ya AF Corse iliyoendeshwa na Robert Kubica, Ye Yifei na Phil Hanson.

Anayeitetea Ferrari ataona hapo kwamba magari yalikuwa sawa. Anayeishuku atasema kwamba Porsche iliendeshwa bila kosa lolote, ilhali Ferrari zilipata adhabu na makosa kadhaa, na kwamba zilionekana kuwa na mwendo wa ziada kila zilipouhitaji kwenye mstari. Naelekea upande wa pili kuhusu 2025, ingawa sioni sababu ya kudhani kwamba kulikuwa na hila. Gari linaloweza kulinda tairi zake kwenye saa ya tatu ya seti ileile hupata faida ambayo karatasi ya kilo na kilowati huiona kwa shida.

Na ubora wa madereva, nao husawazishwa?

Kwa njia nyingine. Katika LMGT3, daraja la magari ya GT3 ndani ya WEC, kila gari lazima liwe na dereva wa shaba, yaani asiye mtaalamu wa kulipwa, na muda wake wa chini wa kuendesha umewekwa. Dereva wa shaba mwenye kipaji kikubwa ana thamani kuliko punguzo lolote la uzito, na timu hulijua hilo.

Kwa hiyo ni haki au si haki?

Inategemea unamtazama nani. Kwa timu binafsi iliyonunua gari la GT3, BoP ndiyo inayofanya ununuzi huo uwe na maana. Bila hiyo mshindi angeamuliwa na katalogi, yaani na aina ya gari iliyonunuliwa. Kwa mhandisi aliyepata njia bora ya kupitisha hewa chini ya gari, ni dhuluma, kwa sababu kazi yake imegeuzwa kilo. Kwa mtazamaji ni biashara ya kubadilishana: anapoteza uhakika kwamba mshindi ndiye aliyejenga gari bora, anapata mbio ambazo magari tisa yanamaliza katika mzunguko mmoja na kiongozi, kama ilivyokuwa Le Mans 2024. Mimi naikubali biashara hiyo, kwa sharti kwamba kalenda ya mabadiliko itangazwe mapema na kufuatwa, na kwamba maelezo ya kila badiliko yatolewe pamoja na namba zake.

Nikitaka kupima mwenyewe, nianzie wapi?

Anza na karatasi ya BoP, ambayo hutolewa siku kadhaa kabla ya mbio, kisha tazama angalau saa sita za mwanzo. Le Mans huanza saa 10 jioni kwa saa za Ufaransa, yaani saa 11 jioni Afrika Mashariki. Walioko Ghuba wanaweza hata kwenda uwanjani, kwa kuwa Qatar na Bahrain zimo katika kalenda ya WEC. Baada ya mbio, wasimamizi huchapisha nyakati za kila mzunguko wa kila gari.

Usitumie mzunguko mmoja bora, kwa sababu hupatikana kwa tairi mpya, mafuta kidogo na bahati ya kutokutana na magari ya polepole. Kwa gari lenye kasi zaidi la kila kampuni, chukua mizunguko iliyo bora, theluthi moja ya mizunguko yake yote, utafute wastani, kisha linganisha. Tofauti ikiwa chini ya sehemu mbili za kumi ya sekunde, hapo madereva na piti ndio walioamua. Ikizidi nusu sekunde kwa kampuni moja, saa baada ya saa, una haki ya kunung'unika. Tenganisha mchana na usiku, maana baadhi ya magari hupenda barabara ya baridi. Na mizunguko yote ya gari la usalama, pamoja na ile ya kuingia na kutoka piti, iache nje ya hesabu.